Kwato Isiyoungua

Inspekta Cruden alimkuta Gavin Durno akipiga chuma kwa mkono wa kushoto.

Alifunga farasi wake kwenye pete ya ukutani, akasimama mlangoni mwa kiwanda na kutazama. Mhunzi wa kijiji cha Tillyfar alikuwa pande la mtu, na nyundo ilimtii hata upande ule, lakini mapigo yalikuwa yakienda kombo na chuma kilikuwa kikipoa kabla hakijakunjika. Nyuma yake binti yake Bathia alikuwa akivuta mvukuto wa kupulizia moto, kazi pekee ya kiwandani ambayo mwanamke angeweza kuifanya mlango ukiwa wazi bila kusemwa. Konstebo Leys, aliyekuja na Inspekta kutoka mjini, alipiga chafya kwa moshi, na hapo ndipo Durno alipogeuka.

"Kama mmemrudisha Dod, mbona simwoni?"

"Dod Petrie yuko mahabusu," alijibu Cruden. "Kesho anapelekwa mahakamani. Mwendesha mashtaka anasema ni mauaji, na wewe mzee unajua mauaji yanaishia wapi."

"Kitanzini," alisema Bathia. "Litaje tu, Inspekta. Hapa hakuna mtoto mchanga."

Kesi yenyewe ilikuwa imeshonwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Cruden tangu alipokabidhiwa. Jumapili jioni Bwana Skene, msimamizi wa mashamba ya jumba kubwa, alikutwa kwenye kivuko cha mto amepasuka fuvu, na farasi wake jike, Corrie, akichechemea kando bila kiatu cha mguu wa mbele. Kiatu kilikutwa kwenye mawe palepale. Jumamosi Corrie aliletwa kiwandani hapa, na aliyempigilia kiatu kwenye mguu huohuo alikuwa Dod, fundi aliyeajiriwa na Durno. Dod naye alikuwa na kisa na marehemu: Skene alikuwa amemng'olea mama yake Dod paa la nyumba ili ahame shamba, na Dod akaapa sokoni, watu wakimsikia, kwamba msimamizi yule hataiona siku ya mavuno. Alipoulizwa Jumapili alikuwa wapi, alijibu "kwa mama", akafunga mdomo. Mwendesha mashtaka hakuhitaji zaidi. Kiatu kililegezwa makusudi, farasi akamwangusha bwana wake, na aliyekilegeza ana deni la shingo.

Girzie, mke wa Durno, alitoka nyumbani na sahani ya mikate mikavu ya oti. Akampa Leys miwili, akaiondoa sahani.

"Huyu tunawajua wa kwao," alimwambia Cruden. "Wewe sijui kama huwa unakula na watu unaowanyongea vijana wao."

"Nikiwa na njaa ninauliza maswali mengi zaidi, mama."

"Uliza. Maneno hatukunyimi."

"Mkono wa mzee umepatwa na nini?"

"Baridi yabisi," alisema Girzie, kabla mumewe hajafungua kinywa. "Humjia kila mwaka."

Mvukuto ulisita kidogo, kisha ukaendelea. Cruden alivua glovu zake na kuzipanga juu ya pipa la maji.

"Jumapili mlikuwa wapi?"

"Ibadani asubuhi," alisema Durno. "Tukarudi kula na kusoma Neno. Alasiri ibadani tena."

"Na moto?"

"Ulifunikwa Jumamosi jioni. Haukufunuliwa mpaka Jumatatu."

"Mama?"

"Ulifunikwa Jumamosi jioni, haukufunuliwa mpaka Jumatatu."

"Na wewe, Bathia?"

"Ulifunikwa Jumamosi jioni," alisema Bathia, akimkazia macho, "na nadhani unalijua lililobaki."

Cruden alilijua. Watu watatu hawasemi jambo moja kwa maneno yaleyale isipokuwa wamekaa pamoja na kulifanyia mazoezi. Hata hivyo aliwaamini kuhusu moto, na hapo ndipo palipomtatiza tangu asubuhi.

Alitoa kiatu cha farasi kwenye mfuko wa ngozi, akakiweka juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia. Kilikuwa kimechakaa na kuliwa upande mmoja, na misumari michache iliyobaki ndani yake ilikuwa imepinda.

"Hiki ni cha kwenu?"

Durno alikitazama. "Ni cha kwetu. Cha zamani. Kilikuwa kwenye rundo pale pembeni."

"Kwa hiyo Dod alichukua chuma cha kutupwa akampigilia farasi wa jumba kubwa?"

"Dod hafanyi kazi mbovu."

"Basi ni nani aliyeifanya?"

Cruden alimgeukia konstebo, aliyekuwa akipambana na mkate wake.

"Leys, Jumamosi ulipita hapa?"

"Nilipita, afande. Dod alikuwa na mguu wa Corrie mapajani. Moshi ulinifukuza. Ile harufu ya kwato ikiungua, mke wangu bado ananifulia koti kwa ajili yake."

"Ya kwato ikiungua. Una hakika?"

"Afande, hata kipofu angeijua."

"Vizuri. Leo asubuhi nimekwenda zizini nikaunyanyua mguu huo," alisema Cruden, sasa akisema na wote. "Watu wawili walimshikilia Corrie, na bado konstebo wangu amepata teke ambalo hataki kuonyesha lilipompata. Mimi nimekulia kwenye zizi la farasi wa posta, na nyinyi ni wahunzi, kwa hiyo tusielezane mambo. Kiatu kikiwekwa kikiwa cha moto, huunguza kwato chini na kuacha alama. Nimemng'oa kiatu cha mguu mwingine nikaona alama hiyo, kahawia kama ukoko. Ule mguu wa mbele ni mweupe. Kwato imemeguka pembeni, ikapigwa tupa ikalainishwa, na tangu hapo haijaguswa na moto."

Bathia aliacha kuvuta mvukuto.

"Kiatu cha Dod kilipigwa kwa moto, na askari wa serikali anayo harufu yake kwenye koti. Hiki hapa hakikuonja moto. Basi kiatu cha Dod kiling'oka njiani na kipande cha kwato, na mtu mwingine akapigilia hiki mahali pake kabla Skene hajafa. Mtu huyo alikuwa na rundo hili, tupa hii na misumari hii. Alikuwa na tanuri pia, lakini hakuliwasha. Ni mhunzi gani mwenye makaa na akili timamu anayepiga kiatu kikiwa baridi?"

Cruden alilionyesha tanuri kwa kidole.

"Ni mhunzi ambaye moto wake umefunikwa," alisema Cruden, "kwa sababu ni Jumapili."

"Hilo ni tusi!" Girzie alipaza sauti. "Mume wangu ni mzee wa kanisa. Utatoka humu sasa hivi!"

Lilikuwa tusi kweli, na kubwa kuliko mgeni angeweza kulipima. Tillyfar mtu aliweza kulewa sokoni akaanguka mferejini, na wiki ileile akaketi ibadani na kuimba zaburi. Lakini aliyeonekana ameshika chombo cha kazi Jumapili, huyo aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mwaka uliopita mama yake Dod aliokota kuni siku ya Bwana, mjane peke yake, baridi ikimtafuna. Walimsimamisha mbele ya kanisa zima avumilie kukemewa, na aliyelisoma jina lake kwa sauti alikuwa Gavin Durno. Kumtoa mnyama shimoni Jumapili kulikubaliwa kuwa ni huruma. Kumpigilia kiatu ni jambo ambalo wazee wangekesha wakibishania, na mwishowe mtu angesimamishwa tu.

"Nitatoka nikimaliza," alisema Cruden. "Kuna jambo moja zaidi. Mikono ya Dod ina michubuko mipya, ya manyasi makavu na kamba. Jumapili hiyo alikuwa juu ya nyumba anamwezekea mama yake. Hasemi, na hatasema hata wakimvisha kamba shingoni, kwa sababu yule mama akisimamishwa tena mbele ya watu hatarudi nyumbani mzima. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaona kijiji kama hiki. Mtu yuko radhi anyongwe kwa kuua kuliko ajulikane alifanya kazi Jumapili!"

"Ni mimi," alisema Bathia.

"Bathia, nyamaza," mama yake alimwambia.

"Sinyamazi, mama. Nimenyamaza tangu Jumapili, na kila nikimeza chakula kinanikaba." Alijifuta masizi kwa aproni, akaja akasimama mbele ya fuawe. "Andika, Konstebo, na usirukeruke. Tulikuwa tumerudi ibada ya asubuhi. Msimamizi akaja na Corrie anavuja damu. Alikuwa amemrusha juu ya ukuta wa machimbo kwa kujionyesha tu, kiatu kikang'oka na nusu ya ukingo wa kwato. Akaniambia nikitengeneze, la sivyo tutahama hapa Novemba."

"Ukaogopa."

"Nani? Nimwogope Skene?" Bathia alicheka kwa dharau. "Angetishia mpaka akauke. Nilimwangalia farasi. Alikuwa anatetemeka, hawezi hata kuuweka mguu chini. Moto nisingeuwasha, hilo sikulifanya. Nikachukua kiatu cha zamani, nikalainisha kwato, nikapigilia misumari michache pale palipokuwa na uzima. Halafu nikamwambia bwana yule, mwongoze kwa miguu mpaka nyumbani, usipande, kwato haina pa kushika msumari. Akaniambia hapokei amri kwa msichana mwenye masizi puani."

"Akapanda."

"Hilo sikuliona. Aliondoka hapa akiwa kwa miguu."

"Alipanda kabla hajapita kona," alisema Cruden. "Njia nzima kutoka hapa mpaka kivukoni ni tope jekundu. Nimeziona buti za Skene. Soli zake zilikuwa safi kama alikuwa amekaa sebuleni."

Girzie aliketi juu ya gogo. Bathia alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Cruden hakumwachia nafasi.

"Usifurahi bado. Dod anataka kukuoa?"

"Anataka. Mimi sijaamua."

"Mwendesha mashtaka atakuamulia. Atasema umefanya kwa ajili yake. Ulimpigilia mtu uliyemchukia kiatu ambacho ulijua hakitashika, ukamwacha aende zake. Atamfungua Dod pingu na kukuvisha wewe. Wakati unamwonya Skene, nani alikusikia?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu. Baba na mama walikuwa ndani wanasoma."

"Nani alimshika farasi?"

"Mimi mwenyewe. Unabana mguu katikati ya mapaja, unapiga."

"Corrie huyuhuyu?"

"Kwangu alitulia."

"Corrie mzima, asubuhi hii, amewashinda wanaume wawili. Jumapili alikuwa na kidonda, na ametoka kuumizwa na mtu. Unanidanganya, Bathia, na unadanganya vibaya, kwa sababu huna mazoea."

"Basi niandikie hivyohivyo nilivyosema!" Bathia aligonga fuawe kwa kiganja. "Nipeleke wewe mwenyewe. Kwa hakimu nitasimama, na kanisani nitasimama, na popote watakaponisimamisha uso wangu utakuwa juu. Nilimhurumia mnyama siku ya Bwana. Kama hiyo ni dhambi, wao wenye vitabu waitafutie jina. Na ningeletewa tena Jumapili ijayo ningefanya tena!"

Leys alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa akimtazama binti yule kwa namna ambayo mke wake asingeipenda.

Cruden hakumtazama Bathia. Alikuwa akiitazama nyundo, iliyokuwa bado mkononi mwa Durno, mkono wa kushoto.

"Mzee," alisema taratibu, "hiyo baridi yabisi ilianza lini?"

"Si nimekwambia humjia kila mwaka," Girzie alidakia.

"Nimemuuliza yeye, mama. Ya kila mwaka, au ya tangu Jumapili?"

Durno aliiweka nyundo chini, akafungua kifungo cha shati na kuanza kupandisha mkono wa shati wa upande wa kulia. Alifanya hivyo polepole kwa sababu mkono wenyewe uliuma. Juu ya kiwiko nyama ilikuwa imevimba, nyeusi katikati na manjano pembeni, na meno ya farasi yalionekana wazi yote, ya juu na ya chini.

"Nilimshika mimi," alisema.

"Baba!"

"Tulia, mwanangu. Umeshasema ya kutosha kwa nyumba nzima." Hakuushusha mkono. "Alianza peke yake, nikasikia farasi anapiga mateke. Nilikuwa na Biblia magotini. Nikakaa nayo nikijiambia kwamba sisikii. Halafu nikasikia binti yangu ametupwa ukutani, nikatoka. Nilimshika Corrie kichwa mpaka msumari wa mwisho, akaniuma. Na onyo nililisikia kama ninavyokusikia wewe. Nililirudia mimi mwenyewe, hatamu ikiwa mkononi mwangu. Nikamwambia, Bwana Skene, ukipanda utaanguka. Akaninyang'anya hatamu akaondoka."

"Na ukalificha."

"Nikalificha. Nilimwacha Dod alale juu ya jiwe mahabusu, nikijiambia ukweli utajitokeza wenyewe bila mimi kuutoa." Sauti yake ilikwaruza. "Nimeona haya, Inspekta. Si kwa ajili ya farasi. Kwa farasi sioni haya hata kidogo. Kwa ajili ya kijana."

Girzie alikuwa analia, na alilia kwa hasira. "Watakuvua uzee wa kanisa. Ulikuwa wako, na wa baba yako kabla yako!"

"Watanivua."

"Watakusimamisha palepale ulipomsimamisha Mama Petrie!"

"Ndiyo. Naye atakuwa amekaa, ananitazama. Ana haki ya kutazama. Nikimaliza kukemewa nitakwenda kumwomba radhi, na kama Dod hakulimaliza lile paa, nitapanda nilimalize. Hata iwe Jumapili."

Konstebo Leys alikohoa. "Afande, hili nalo niandike?"

"Lote."

"Mchungaji ni mjomba wangu."

"Basi andika kwa mwandiko mzuri."

Cruden alikirudisha kiatu mfukoni. Alimpa Leys muda amalize, akasoma yaliyoandikwa, akamsomea Durno kwa sauti, na Durno akatia sahihi kwa kushoto, herufi zikilala kama zimelewa. Bathia alitia yake chini. Girzie, aliyeapa kwamba hatatia chochote, alinyang'anya kalamu mkononi mwa konstebo akaandika kwamba yeye alisikia yote kutoka dirishani na kwamba jeraha la mumewe alilisafisha yeye.

"Mwendesha mashtaka hatafurahi," alisema Cruden. "Midomo mitatu, kwato na buti. Dod atarudi kesho, kama mtaapa kama mlivyoandika. Lakini nikuonye, mzee. Mchungaji Fordyce ameitwa kutoa ushahidi juu ya tabia ya Dod. Atakuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, na amezoea kukaa mbele."

"Vizuri," alisema Durno. "Mwambie akae mbele kabisa, nisije nikalazimika kupaza sauti."

Inspekta alichukua glovu zake. Alipofika mlangoni aligundua Girzie amesimama kando yake na ile sahani, anatazama pembeni. Akachukua mkate. Hakuna aliyesema asante, wala aliyeingoja.

Nyuma yao Durno aliinama kuokota nyundo. Bathia alimwahi.

"Toa mkono huo, baba. Chuma kinapoa."

Alikivuta chuma kutoka motoni kwa koleo, akakigeuza juu ya fuawe na kupiga, na pigo likaenda mahali pake. Huko barabarani gari la kukokotwa lilikuwa linakuja kutoka upande wa kanisa, na juu yake kofia mbili za wanawake zilikuwa tayari zimegeukia kiwandani.

"Mlango!" Girzie alisema kwa mazoea, akikimbilia kuusukuma, kama alivyokuwa akifanya kila mara binti yake aliposhika nyundo.

"Uache," alisema Gavin Durno. Alipita mbele ya mkewe, akausukuma mlango kwa bega lake zima mpaka ukagonga ukuta, akauwekea jiwe usirudi.